Siku Shangazi Alipotaka Kunielekeza Kibla

Balaa lilianzia Louvre, lile jumba la makumbusho. Shangazi alikuwa amekuja Paris kutoka Tanga kunisalimia, nikampeleka kuona sanamu za Jean-Antoine Houdon, Mfaransa wa karne ya 18 aliyefinyanga vichwa vya watu kwa udongo kisha akavichoma. Mbele ya kichwa cha Diderot, mwandishi na mwanafalsafa wa Kifaransa, cha mwaka 1771, Shangazi akagoma kusogea.

"Huyu mzee hana wigi, hana shati, na bado ananitazama!"

Nikamweleza kwamba Houdon alikuwa akiichimba mboni na kubakiza kijipande cha udongo cha kunasa mwanga, ndiyo maana jicho linakuwa kama la mtu aliye hai. Shangazi akajitanda mtandio vizuri, tukaondoka.

Nami wakati huo nilikuwa najifunza ufinyanzi. Nilikuwa nimesoma kuwa mwaka 1785 Houdon alivuka bahari hadi Mount Vernon, Marekani, akamlaza George Washington mezani, akamfunika shuka, akamtia vishina vya manyoya ya ndege puani apate pumzi, akampaka plasta usoni ili apate kalibu ya uso wake. Mjukuu wa mke wa Washington, kitoto cha miaka sita, akachungulia, akadhani mzee amekufa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Jumamosi Shangazi akaenda Château Rouge kutafuta bamia. Nikapanda meza ya chakula, shuka hadi kidevuni, mirija miwili puani. Mwenzangu wa chumba, Mkongo wa Bukavu, akanimwagia plasta. Plasta ikikauka huwa inapata joto, tena si kidogo. Simu yake ikalia, akatoka kwenye ngazi maana ndani mtandao haushiki.

Nikasikia ufunguo. Kisha mfuko wa bamia, puu, chini.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un! Mwana wa kaka yangu! Na wameshampaka chokaa!"

Nikajibu, "Mmh! Mmh!" Ikapotelea kwenye kilio. Na midomo ningeifunguaje? Shangazi akapiga simu Tanga, huku analia ananisifu: "Mvivu alikuwa, ndiyo, lakini roho nzuri. Na ile laki mbili yangu nimemsamehe." Hapo, sitasema uongo, nikatulia kidogo nisikilize.

Mara akafuta machozi. "Kibla kiko upande gani nchi hii?" Akakishika kichwa changu kwa mikono miwili, akakizungusha kuelekea friji. Mrija mmoja ukachomoka, wa pili ukajikunja.

Nikainuka na shuka langu, uso mweupe, mrija unaning'inia. Sikujua kama Shangazi, mwenye miaka sitini na nane na goti bovu, anaweza kushuka ghorofa nne kwa kasi ile. Mkongo akampisha kwenye ngazi, akaniona mimi nyuma yake, naye akakimbia.

Plasta niliibandua peke yangu. Nilikuwa nimesahau kupaka mafuta kwenye nyusi, basi ya kushoto ikabaki kwenye kalibu, nywele zote, imejipanga vizuri kabisa.

Tanga walikuwa wameshasimamisha turubai. Baba mdogo alikataa kulishusha mpaka nimpigie kwa video, na aliponiona hana uhakika akaniuliza jina la bibi.

Jioni Shangazi aliigeuzageuza ile kalibu. "Kazi nzuri," akasema. "Sasa ile laki mbili utanilipa lini?"