Mi napima uzito kila siku, na ile ya mara moja kwa wiki siitaki tena

Kila nikisema napima uzito kila siku asubuhi naambiwa we dada utachanganyikiwa, pima mara moja kwa wiki inatosha. Ushauri huo uko kila sehemu, jimu wanasema, kwenye magrupu ya kupunguza mwili wanasema, na mi mwenyewe niliufuata karibu mwaka mzima. Nimeuacha, na nataka nieleze kwa nini maana naona unaumiza watu wengi ambao wala hawakosei kitu.

Grupu letu la Whatsapp siku ya kupima ilikuwa Jumatatu. Unapanda mizani, unapiga picha namba, unatuma kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa fikiria Jumatatu ya mtu wa Dar, Jumamosi ulikuwa kitchen party, Jumapili umeitwa kwa ndugu kuna pilau na kachumbari na huwezi kukataa chakula cha watu. Kuna Jumatatu moja namba yangu ilikuja imezidi ya wiki iliyopita kwa kilo moja na pointi nne, na wiki hiyo nilikuwa nimejibana kweli kweli, chapati sijagusa, soda sijagusa, kutoka kituoni mpaka nyumbani nilikuwa natembea na bodaboda nazipungia tu mkono. Msimamizi akaniandikia mbele ya watu wote kwamba siko siriasi. Nililia. Na kibaya zaidi nilimwamini, nikakaa siku mbili na maji ya ndimu, siku ya tatu nikala kila nilichokuta jikoni mpaka tumbo likaniuma, halafu nikajitoa kwenye grupu na dayati nikaachana nayo miezi mitatu.

Ile kilo moja na pointi nne haikuwa mafuta. Kilo moja ya mafuta mwilini ni karibu kalori 7,700, yani ili uiongeze inabidi ule hizo zote juu ya zile ambazo mwili unatumia, na mtu hawezi kufanya hivyo kwa sahani mbili za pilau. Kinachotokea ni kwamba wanga ukila, mwili unahifadhi sehemu yake kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na kila gramu moja ya hiyo glaikojeni inakaa na maji kama gramu tatu. Ongeza chumvi ya pilau na ya nyama choma, nayo inashika maji. Ongeza chakula chenyewe ambacho bado kiko tumboni kinasafiri, na kama hujapata choo siku mbili nacho kina uzito wake. Hata ukinywa maji lita moja sasa hivi ukapanda mizani umeongezeka kilo moja, na hakuna mtu atakayesema umenenepa. Ndo maana uzito wa mtu mzima kupanda na kushuka kilo moja mpaka mbili ndani ya siku chache ni kitu cha kawaida kabisa.

Sasa ukipima mara moja kwa wiki unachukua siku moja kati ya saba, na huna njia ya kujua kama siku hiyo ni ya maji au ya ukweli.

Nitawaonyesha kwenye daftari langu, wiki mbili zinazofuatana. Wiki ya kwanza kuanzia Jumatatu: 85.4, 84.8, 84.3, 84.6, 84.9, 85.1, na Jumapili 86.2 (usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa shughulini). Wiki ya pili: 85.3, 84.9, 84.5, 84.0, 84.2, 84.4, 84.7. Ukijumlisha kila wiki ukagawa kwa saba unapata 85.04 na 84.57, nimepungua karibu nusu kilo, kazi nzuri kabisa hiyo. Ila kama ningekuwa mtu wa kupima Jumatano tu ningeona 84.3 halafu 84.5, ningesema nimeongezeka, na wiki hiyo hiyo ningekata tamaa wakati mwili unashuka vizuri tu. Nikiiangalia mistari hii miwili bado naumia nikikumbuka Jumatatu zile zote.

Kwa hiyo napima kila siku lakini namba ya siku siijali, naandika naondoka, ninachokiangalia ni wastani wa Jumapili kwa Jumapili. Na napima vile vile kila siku, nikiamka, nikitoka chooni, kabla ya chai, na kanga moja tu. Mizani iko pembeni ya mlango wa chumbani kwenye sakafu ya simenti, niliwahi kuiweka juu ya kapeti ikawa kila siku inaniambia kitu kingine. Wale vijana wanaokaa na mizani pembeni ya barabara nawaheshimu, wengi wetu ndo tulipimia hapo mara ya kwanza maishani, ila pale unapanda na viatu na mkoba, jioni, umeshakula mara mbili, huwezi kuchukua ile namba ukalinganisha na ya nyumbani.

Kwa wanawake kuna la ziada. Siku kadhaa kabla ya hedhi wengi tunashika maji, mimi napanda mpaka kilo moja na nusu na pete haitoki kidoleni. Hapo hata wastani wa wiki unapanda, kwa hiyo nalinganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, sio na wiki iliyotangulia. Sijawahi kusikia msimamizi hata mmoja wa grupu akiwaambia wanawake hili na linaniudhi sana.

Wanaosema kupima kila siku ni ugonjwa, basi nawaambia habari ya shangazi yangu. Ana tatizo la moyo, na daktari ndo aliyemwambia apime kila asubuhi, akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu asisubiri kliniki ya mwezi, aende, kwa sababu hayo ni maji yanajaa mwilini. Mara moja ilitokea, akaenda mapema, akabadilishiwa dozi ya dawa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na Marekani kuna National Weight Control Registry, ilianzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, inawafuatilia watu waliopungua angalau kilo 13 na nusu hivi na hawakuzirudisha kwa mwaka mzima au zaidi. Kama robo tatu yao wanapima angalau mara moja kwa wiki. Hiyo haithibitishi kwamba mizani ndo iliwapunguza, ila inaonyesha kwamba waliofanikiwa hawakuikimbia.

Lakini mtu mmoja simwambii kabisa apime, mdogo wangu. Akiwa sekondari alikuwa anapima mara nne kwa siku, namba ikipanda kidogo hali, akila anajifungia chooni anatapika. Ilituchukua muda mrefu kuelewa kwamba anaumwa na anahitaji matibabu, sio kuambiwa ale. Kwa mtu aliyepita huko, au anayejiona anaelekea huko, kila siku sio sawa na mara moja kwa wiki sio sawa, mizani itoke ndani ya nyumba na mtaalamu ndo apime, tena ikiwezekana bila yeye kuiona namba. Likizo akija kukaa kwangu ile mizani naipeleka kwa jirani mpaka aondoke, daftari naendelea nalo akisharudi chuo.