Lita nne za oili usoni: toleo la mwenye uso

Haya. Picha yangu nimejaa oili na vumbi la mbao mmeshaiona, maana hadi shemeji yangu wa Tunduma kanitumia akiuliza kama huyu ni mimi au ni andazi. Ni mimi. Sasa nisikilizeni kabla yule fundi umeme hajaongeza chumvi nyingine. Jana alikuwa anasema pampu ililipuka, leo asubuhi nimekuta kwa mama ntilie nimesharushwa hadi kwenye magogo. Sikurushwa. Niliteleza mwenyewe.

Ni ile presi ya plaiwudi hapa Mafinga, mashine ya kubana mbao. Pampu yake ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kuipa presi nguvu, ilikuwa inalia kama inatafuna kokoto. Ni pampu ya veni: ndani kuna rota yenye mifereji, kila mfereji una kibamba cha chuma, ndiyo veni. Rota ikizunguka, veni zinatupwa nje zinagusa ringi ambayo ndani si duara kamili. Nafasi kati ya veni ikipanuka inanyonya, ikibanwa inasukuma. Veni zisipotoka, hakuna pampu, ndiyo maana nyingi hazitaki mzunguko wa chini ya 600 kwa dakika.

Nikachungulia tangi: oili haina povu. Ingekuwa inavuta hewa ingegeuka rangi ya maziwa. Oili haina povu na kokoto zinalia, hapo pampu ina njaa. Kweli bwana, chujio la kunyonyea limejaa utomvu wa misindano na vumbi la mbao, na tundu la pumzi la tangi mtu kalisokomeza tambara ili vumbi lisiingie. Halafu oili yenyewe namba 68 (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito), inawashwa saa 12 asubuhi ya Julai, nzito kama uji wa ulezi. Na huku tuko juu ya mita 1,800, hewa inayoisukuma oili kuingia kwenye pampu ni pungufu kuliko ya Dar. Anyonye nini huyo? Ringi nikaikuta ina mawimbi kama barabara ya vumbi baada ya masika. Katriji, yaani rota, veni na ringi kwa pamoja, ikaenda kwenye chuma chakavu.

Hapa naomba heshima yangu, maana kwenye kufunga sikukosea. Niliosha kila kitu kwa dizeli nikakausha kwa upepo wa kompresa, sikufuta na tambara linaloacha nyuzi. Veni zote 10 nilizijaribu moja moja: ukiipaka oili lazima iteleze kwenye mfereji kwa uzito wake yenyewe. Kwa pampu hii ukingo mkali unatangulia kwenye mzunguko, uliochongwa mshazari unafuata. Sili nikaipaka grisi mdomoni. Bolti nikakaza kwa mkingamo huku nazungusha shafti kwa mkono nisikie kama inabana. Kaplingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu, iliingia bila nyundo (wewe unayepigilia kaplingi kwa nyundo, beringi zako zinakusalimia). Nikajaza oili ndani ya pampu, nikafungua skrubu ya valvu ya rilifu, ile inayoachia presha ikizidi, mpaka mwisho ili ianze bila mzigo.

Nilikosea kwenye jua.

Pampu inataka kuzunguka kulia, na kulia kwake ni ukiitazama upande wa shafti, yaani ukisimama nyuma ya mota. Ila nyuma ya mota ni kivulini, na Mafinga mwezi wa saba kivulini husimami kama huna kesi. Nikachuchumaa upande wa pili, kwenye mfuniko wa pampu, jua mgongoni, koti limeshaanza kupata joto. Nikamwambia jamaa, yule fundi umeme, "Gusa." Akagusa kitufe, kaplingi ikaenda kulia. "Safi kaka, kulia!" Kulia kwangu mimi. Pampu ilikuwa inaenda kushoto.

Tukawasha sekunde chache. Geji ya presha imelala. Mwenye akili timamu hapo anazima na kurudi kwenye mshale wa mzunguko ulio kwenye pampu, maana pampu hii ikienda kinyume inakosa hata oili ya kujilainisha, katriji mpya unaizika kabla hujalipwa. Mimi nikatangaza: "Ina hewa." Nikaleta spana nikalegeza nati ya bomba la presha hewa itoke. Kimya. Nikalegeza tena. Kimya. Nikalegeza mpaka nati imeshikwa na uzi mmoja, nikainama nikaweka sikio.

Huko kivulini jamaa kauona mshale. Kazima swichi kuu, kabadilisha fezi mbili za umeme ili mota igeuze mzunguko, karudisha. Anadai aliniita. Misumeno inanguruma pale, angeita na tarumbeta nisingesikia. Na swichi haikuwa na kufuli wala kibao cha "usiwashe", hilo silimsingizii, ni langu pia.

Nikasikia stata, swichi ya kuwashia mota: *tak*. Mota ikavuta pumzi. Kwanza ukaja upepo, pfff, wa baridi, sikioni. Ndugu zangu, nilitabasamu. Nikageuza uso wote kuielekea nati, nikafumbua mdomo niwaambie, "Si niliwaambia ni hewa."

Nilifika kwenye "si ni".

Pampu ile inatoa sentimita za ujazo 40 kwa mzunguko mmoja, mota inazunguka 1,450. Hiyo ni lita 58 kwa dakika, karibu lita kwa sekunde. Jamaa alizima baada ya sekunde nne. Fanyeni hesabu, mimi niliifanya nimefumba macho. Oili baridi ina ladha ya msumari.

Nikarudi nyuma hatua moja, buti likakataa, nikaketi kwenye lundo la vumbi la mbao, nikaviringika kama samaki wa Mtera anayeandaliwa kukaangwa. Dogo mmoja akaja mbio na beleshi, akanimwagia vumbi zaidi. Ndivyo alivyofundishwa kufanya oili ikimwagika. Picha ni ya wakati huo.

(Rilifu ilikuwa wazi na nati imelegea, ndiyo maana nilioga tu. Oili ya presha inayotoka kwenye tundu dogo inatoboa ngozi. Usiitafute kwa kidole, na ikikuingia nenda hospitali hapohapo, hata kama hakuna damu.)

Mengine ni mafupi. Katriji tukaifungua, haina mkwaruzo. Chujio jipya, tundu la pumzi jipya, oili namba 46. Safari hii nilisimama nyuma ya mota natetemeka. Dakika kumi bila mzigo, skrubu ikapandishwa taratibu, presi imetulia. Mama Upendo alinikabidhi ndoo na sabuni ya mche nikaogee nje.

Na shemeji wa Tunduma, nimekuelewa. Hukuwa unauliza kuhusu mimi. Ndiyo, ni lile koti lako.