Rangi za Philae na lawama za mchoraji

Tangu msomi Edward Said atoe kitabu chake Orientalism mwaka 1978, kuhusu jinsi Wazungu walivyoisawiri Mashariki, michoro ya magofu ya Misri imekuwa na mashtaka yake tayari: Wazungu walichora mchanga na watu waliojilaza, nchi ionekane haina mwenyewe. Siyapuuzi. David Roberts, Mskoti aliyepanda Mto Nile mwaka 1838, anatuonyesha hekalu la Edfu lililofukiwa, nguzo zinachungulia tu, na wanakijiji wamejipumzisha hapo kama vipimo vya ukubwa wa jiwe. Mchoraji Mmarekani Elihu Vedder ndiye kabisa: mwaka 1863 alichora mtu ametega sikio mdomoni mwa Sfinksi, lile sanamu la simba mwenye kichwa cha mtu, naye Misri alikuwa bado hajaikanyaga. Huyo simtetei.

Ila mchanga wa Edfu haukutoka kwenye brashi. Mwanaakiolojia Mfaransa Auguste Mariette aliufukua miaka ya 1860, akaondoa na nyumba za watu zilizokuwa juu ya paa.

Halafu kuna Philae, kisiwa chenye hekalu kwenye Mto Nile. Katika mchoro wa Roberts, vichwa vya nguzo za barazani bado vina kijani na buluu. Mwaka 1902 Waingereza wakamaliza bwawa la Aswan, kisha wakaliongeza kimo kwa awamu mbili. Kisiwa kikawa kinakaa majini sehemu kubwa ya mwaka, na maji yakazilamba rangi zile zilizodumu karibu miaka elfu mbili. Hekalu lilipohamishiwa kisiwa cha Agilkia, kazi iliyokamilika 1980, yalihamishwa mawe yaliyopauka. Mtu akitaka kuona baraza lilivyokuwa, atamrudia mchoraji yule yule anayeshtakiwa. Utasema chapa zake zilipakwa rangi kwa mkono huko London, kwa hiyo buluu yenyewe si ya kuapia. Sawa. Lakini wasomi waliofuatana na jeshi la Napoleon walikuwa wamelichora baraza hilo hilo kwa rangi, miongo kadhaa kabla yake. Mashahidi wawili, na hawakusafiri pamoja. Ajabu ni kwamba mhandisi wa bwawa hatumkamii hivyo.

Na mtazame Roberts pale lango la Luxor. Palikuwa na minara miwili ya mawe iliyochongoka. Kuichora yote miwili kungependeza zaidi sokoni. Kachora mmoja. Wa pili ulikuwa umesimamishwa Paris tangu 1836.