Mtoto Asiye na Kitabu cha Kuleta

Makabati ya kubadilishana vitabu mtaani nayaunga mkono kwa moyo wote, lakini kanuni ya "leta kimoja, chukua kimoja" naomba tuiache.

Makabati haya yalipata umaarufu kutoka Marekani. Mwaka 2009 Todd Bol, wa Hudson katika jimbo la Wisconsin, alijenga kisanduku cha vitabu chenye umbo la kijumba cha shule kumkumbuka mama yake, aliyekuwa mwalimu. Kanuni hiyo inafaa palipo na vitabu vya ziada nyumbani. Huku kwetu Kampala, Katwe au Nsambya, nyumba nyingi zina Biblia au Msahafu tu, pamoja na kitabu cha shule ambacho mtoto hana ruhusa ya kukigawa. Ukimtaka alete kwanza ndipo achukue, umeshamfukuza.

Na wanaoleta huleta nini? Karatasi za mitihani ya zamani ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, na hadithi za Kiingereza za watoto wanaocheza kwenye theluji. Hizo nazo zisomwe. Ila kabati likiachwa lijazwe na chochote kinachokuja, mtoto wa Kikongo anayeongea Kiswahili na mama yake na Kiganda na wenzake hatajiona humo hata mara moja. Wala mtoto anayetembelea magongo, isipokuwa kama mtu wa kuhurumiwa, na hilo linaniuma zaidi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Watoto wao ni majirani zetu. Tena mwaka 2022 baraza la mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Mtoto atakipendaje kama hakuna hadithi ya kusoma kwa raha zake?

Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuchagua, mwenye saluni au duka ambaye kabati liko barazani kwake. Hadithi za African Storybook zipo bure kwenye intaneti, kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine nyingi za Afrika, na kuzichapa kunaruhusiwa. Kurasa chache, pini mbili, kitabu kimepatikana. Kwa wakubwa kuna kazi za wanawake waandishi wa Uganda ambazo FEMRITE, chama chao, imekuwa ikizitoa tangu miaka ya 1990. Kwa asiyeona, kabati peke yake halitoshi. Inafaa kutenga saa ya kusoma kwa sauti kila Jumamosi.

Najua watu watasema vitabu vitaibwa. Havitarudi vyote, kweli. Lakini kitabu kilichobaki chini ya mto wa mtoto wa Katwe, kikasomwa hadi jalada likachanika, mimi sikihesabu kuwa kimepotea. Chapeni kingine. Na mwenye bibi anayejua hadithi za Kilugbara au Kiacholi, akae naye aziandike, kwa sababu hizo ndizo adimu zaidi makabatini.