Dada Yangu Ni Watu Watatu

Mwaka 2021 nilikuwa nafanya mazoezi Iten pamoja na mdogo wangu wa kike. Barabara ileile ya murram, kocha yuleyule, ugali wa sufuria moja. Mwenye ndoto ya Marekani nilikuwa mimi. Jioni nilikuwa naketi saiba nikiwaandikia makocha wa vyuo vya huko na kuwatumia muda wangu wa mita 5,000. Wengi walininyamazia. Mmoja akajibu kwa sentensi mbili: nafasi za wavulana zimejaa, je, una dada anayekimbia?

Ninaye. Agosti ya mwaka huohuo yeye ndiye aliyepanda ndege.

Sitasema uongo, niliona wivu. Huku kwetu utawasikia vijana wakinung'unika kwamba Wamarekani wanapendelea wasichana, nami nilinung'unika nao hadi nilipoamua kutafuta chanzo. Wakati ule chuo cha daraja la kwanza la michezo (Division I) kiliruhusiwa kutoa ufadhili 18 wa masomo kwa riadha ya wanawake na 12.6 kwa wanaume. Hiyo nukta sita isikushangaze, ufadhili wa riadha hukatwa vipande kama mkate. Lakini futiboli yao, ile ya kofia na mabega ya plastiki, iliruhusiwa 85, karibu zote za wanaume. Timu za kulipwa za NFL zina wachezaji 53 tu. Chuo kinachofundisha watoto wa watu kinataka 85!

Hapo ndipo sheria inapoingia. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya elimu yenye kifungu kiitwacho Title IX. Ni maneno 37, na humo neno "michezo" halimo. Linalosemwa ni kwamba asiwepo mtu atakayebaguliwa kwa jinsia yake katika masomo yanayopokea pesa za serikali kuu. Michezo ya chuo nayo ikahesabiwa humo, kwa hiyo futiboli ikishakula nafasi 85 za wanaume, wasichana hufidiwa kwenye michezo mingine kama riadha. Mmoja wa waliokisukuma bungeni ni Patsy Mink wa Hawaii, ambaye ujanani alikataliwa na shule za udaktari. Mwaka ule wasichana waliocheza katika timu za shule za sekondari Marekani hawakufika 300,000. Leo wamepita milioni tatu.

Haikuwa sheria tu iliyofanya kazi. Mwaka 1976 wapiga makasia wa kike wa chuo cha Yale hawakuwa na bafu kwenye banda la mitumbwi. Wavulana walikuwa wakioga maji moto huku wao wakisubiri ndani ya basi, wamelowa, kwenye baridi ya kule. Siku moja, wakiongozwa na nahodha wao Chris Ernst, waliingia ofisi ya msimamizi wa michezo ya wanawake, wakavua nguo mbele ya mwandishi wa habari, na vifua na migongo yao imeandikwa "Title IX" kwa wino. Bafu zikapatikana. Kwetu wangeitiwa wazee.

Lawama kubwa ni kwamba sheria hii iliua timu za wanaume, hasa mieleka. Chama cha makocha wa mieleka kilikwenda mahakamani mwaka 2002, kesi ikatupwa. Nawahurumia wale vijana, maana najua maana ya kuambiwa hakuna nafasi. Lakini hakuna mahali sheria inapoagiza timu ifutwe. Chuo ndicho kilichokaa mezani, kikaiachia futiboli sinia zima, kisha kikamwambia mwana mieleka kwamba chakula chake kimeliwa na wasichana. Mimi mwenyewe niliuamini uongo huo miezi kadhaa.

Sasa ngoja nieleze yaliyonitoa macho. Mdogo wangu alipata kibarua cha saa chache ofisi ya michezo ya chuo chake, kupanga orodha za wachezaji. Usiku mmoja akanipigia WhatsApp akicheka.

"Kaka, mimi hapa ni watu watatu."

"Watatu vipi?"

"Mbio za nyika niko. Mbio za ukumbini wakati wa baridi niko. Za uwanjani niko. Kila orodha wananihesabu upya."

Na si ujanja wa kichochoro, unaruhusiwa. Mkimbiaji wa misimu mitatu huhesabiwa mara tatu, kwa hiyo njia rahisi ya kusawazisha umati wa futiboli ni kurundika wasichana kwenye mbio. Mwaka 2011 New York Times liliandika juu ya chuo cha South Florida kilichoorodhesha wanawake 71 wa mbio za nyika, na zaidi ya nusu yao hawakukimbia hata shindano moja msimu wa 2009. Usawa wa karatasi huo.

Hata hivyo mlango ule, hata ukiwa umefunguliwa kwa hesabu za ovyo, umepitisha watu. Sally Kipyego alichukua mataji tisa ya vyuo akiwa Texas Tech, akasomea uuguzi, akaja kuivalia Kenya medali ya fedha kwenye Olimpiki ya London 2012. Sharon Lokedi alitoka chuo cha Kansas, akashinda New York Marathon ya 2022 na Boston ya 2025. Wasichana wetu hawakuomba kupendelewa. Walikimbia.

Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa Marekani aliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wanamichezo, yanayoviruhusu vyuo kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fidia kwa waliocheza miaka iliyopita bila malipo hayo, sehemu kubwa sana ilipangiwa futiboli na mpira wa vikapu wa wanaume, na wanamichezo kadhaa wa kike walikata rufaa wakitaja Title IX. Mdogo wangu alimaliza masomo mwezi mmoja kabla. Lakini hata angekuwepo, viza ya mwanafunzi inabana malipo ya namna hiyo.

Kocha wake bado huniandikia. Kila Jumanne alfajiri nashika saa, napima wasichana wawili wa kidato cha nne na kumtumia video. Wavulana hukaa juu ya ukingo wa barabara wakitutazama. Juzi mmoja akaniuliza, "Na sisi, kocha?" Nikaanza kumweleza habari za futiboli na zile 85. Akaniuliza hiyo futiboli inachezwaje, nikajikuta hata sijui nianzie wapi.