Maktaba mpya Dodoma: nani atawasha taa mwaka wa kumi?

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Dodoma ikiwa na wakazi 410,956. Sensa ya 2022 ikalikuta Jiji la Dodoma likiwa na wakazi 765,179. Kati ya sensa hizo mbili, Julai 2016, Serikali ilitangaza kwamba safari hii inahamia kweli, baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma kukaa kwenye makabrasha kwa zaidi ya miaka arobaini. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka uliofuata Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Yaliyofuata kila mgeni anayaona: barabara za lami, stendi kuu ya mabasi, Soko la Job Ndugai, na tangu 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam. Kisichotajwa sana katika orodha hiyo ni maktaba ya umma inayolingana na ukubwa wa mji, yenye ukumbi wa utamaduni ndani yake au kando yake. Maktaba ya mkoa ipo na imewafaa wengi, ila ilikusudiwa mji mdogo kuliko huu. Ninachotaka kukipima hapa ni kama Dodoma inahitaji jengo jipya la namna hiyo, au kama fedha hizohizo zingefanya kazi zaidi zikigawanywa kwenye vyumba vya kusomea katika kata. Nitasema mapema niliposimama: jengo nalitaka, lakini nalihofia.

Anayetaka kujua hitaji lenyewe likoje asianzie kwenye ripoti, aende akakae. Jumamosi moja nilikaa asubuhi nzima katika maktaba ya mkoa mmoja, ambayo sitaitaja. Mlangoni kulikuwa na daftari la wageni lenye safu za jina, shule na saa ya kuingia, na kabla ya saa nne kurasa mbili zilikuwa zimejaa, karibu zote kwa mwandiko wa wanafunzi wa sekondari. Kiti hakikupatikana tena. Katika meza niliyokaa hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kuchukua kitabu kwenye rafu. Walikuja na madesa yao, pepa za miaka iliyopita na vikokotoo. Binti mmoja alihamisha kiti chake mara tatu, akitafuta kukaa karibu na soketi pekee iliyokuwa na umeme. Ilipofika saa ya kufunga, mkutubi akazima feni kwanza, kisha taa, na wale vijana wakahamia kwenye ngazi za jengo la jirani kusubiri giza liwafukuze.

Wanaopinga maktaba mpya husoma mandhari kama hiyo kuwa ushahidi wa upande wao. Kama watu hawafuati vitabu, wanasema, basi wanachohitaji ni meza na umeme, na meza haihitaji jengo la mabilioni. Ni hoja nzito kuliko inavyopokelewa. Lakini inapita haraka mno juu ya neno “meza”, kana kwamba meza ni kitu kidogo. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa hadi kidato cha nne, shule zimepokea watoto wengi ambao awali wangebaki nyumbani. Vyumba vya nyumba wanazotoka havikuongezeka. Mtoto anayelala sebuleni na wadogo zake watatu, huku televisheni ikiwa wazi hadi saa nne usiku, hana mahali pa kufanyia hesabu, na hilo halitatuliwi na kitabu hata kikiwa cha bure.

Ndiyo maana hoja ya simu nayo hainishawishi sana. Ni kweli kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada, na kwamba mwenye simu na bando anaweza kusoma akiwa popote. Simu yenyewe, hata hivyo, mara nyingi ni ya baba, nayo inatoka naye asubuhi na kurudi naye usiku. Kama kuna mahali Maktaba Mtandao ingetumika ipasavyo, ni katika chumba chenye kompyuta ishirini na mtu wa kuonyesha namna ya kuzitumia, na chumba hicho ndicho maktaba.

Basi hitaji lipo. Hofu yangu inaanzia mahali pengine kabisa: mkandarasi hulipwa mara moja, mkutubi hulipwa kila mwezi. Bajeti zetu zinatenganisha fedha za maendeleo na za matumizi ya kawaida, na kila aliyewahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri anajua ipi inapiganiwa kwa sauti. Jengo lina jiwe la msingi, lina utepe, lina picha. Kununua vitabu vipya kila mwaka, kubadilisha taa zilizoungua na kumlipa mlinzi wa zamu ya usiku havina sherehe. Wala hili si tatizo la nchi maskini peke yake. Birmingham, Uingereza, ilifungua maktaba kubwa Septemba 2013 kwa gharama ya takriban pauni milioni 188.8. Mwaka 2015, baraza la jiji likiwa limebanwa na bajeti, saa za kufunguliwa zilipunguzwa kutoka 73 hadi 40 kwa wiki, na nafasi nyingi za kazi zikafutwa. Jengo lilibaki zuri vilevile. Kilichopungua ni saa ambazo mtu aliyetoka kazini angeweza kuingia.

Hapa nyumbani, mfano unaotajwa mara kwa mara ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, yenye uwezo wa kukaa wasomaji 2,100 na kuhifadhi vitabu 800,000. Wanaotaka Dodoma ipate yake huuleta mfano huo kama kielelezo. Nami nauona ni mzuri, ila haufanani na hoja yetu, kwa kuwa nyuma ya jengo lile kuna chuo chenye wakutubi, ada, na wanafunzi ambao wasipoingia maktaba watafeli. Maktaba ya mji haina mtu wa kumlazimisha yeyote aingie, na bajeti yake inashindana na dampo, mitaro na madawati.

Kenya imetupa somo jingine. Katiba ya 2010 iliweka maktaba katika orodha ya kazi za kaunti, jambo ambalo kwa nadharia linaisogeza huduma karibu na wasomaji. Kwa vitendo, majengo na wafanyakazi walikaa muda mrefu katikati ya ngazi mbili za serikali, kila moja ikiitazama nyingine ilipofika zamu ya kulipa. Kwetu huduma za maktaba za umma ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, yenye mizizi ya 1963, na kituo kitakachochanganya maktaba na utamaduni kitagusa bodi, halmashauri ya jiji na wizara yenye dhamana ya utamaduni. Jambo la wakubwa watatu linaweza kuwa la wote siku ya uzinduzi na lisiwe la yeyote siku bomba linapopasuka.

Je, tugawanye fedha kwenye kata? Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, halikujenga kipya. Liliamua kukarabati maktaba kongwe ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na matawi hayo ndiyo yaliyotangulia, yakiwa katikati ya makazi ya watu. Ni njia inayonivutia. Lakini wanaoisifu njia ya udogo wasisahau historia yetu wenyewe. Baada ya kampeni ya kufuta ujinga ya miaka ya 1970, maktaba za vijiji zilifunguliwa kwa wingi ili waliojifunza kusoma wasisahau, na nyingi zilikauka: vitabu vilichakaa, havikuletwa vingine, kabati likageuka la kuhifadhia jembe na ndoo. Jengo kubwa likikosa fedha hufupisha saa. Chumba kidogo kikikosa fedha hutoweka, na hakuna gazeti litakaloandika. Udogo peke yake haumlindi mtu.

Upande wa utamaduni ndio unaozungumzwa kijuujuu zaidi, na ndio ulionibadilisha mawazo. Mwanzoni niliona kuweka ngoma na maktaba chini ya paa moja ni kutafuta ugomvi: Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo wanaobana ngoma kati ya mapaja, haipigwi kwa kunong’ona, na msomaji wa fizikia ana haki yake ya ukimya. Tena muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, haujasubiri ukumbi wa Serikali. Tamasha lake la Chamwino limekuwa likifanyika uwanjani, vumbi na yote. Ukumbi wenye viti vya kukunja na kiyoyozi unaweza kuugeuza kuwa burudani ya dakika kumi ya kupokelea wageni wa mikutano. Hofu hiyo ninayo bado.

Lakini tumfikirie marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, mwana wa mkoa huu aliyepeleka marimba, zeze na sauti ya Kigogo kwenye majukwaa ya dunia. Rekodi zake zilitolewa na kampuni za ng’ambo, na msikilizaji wa London anaweza kuzipata kwa urahisi kuliko kijana wa Chang’ombe au Nkuhungu hapa Dodoma, ambaye hana hata mahali pa kuuliza. Elimu ya Wagogo haikuandikwa vitabuni. Imo katika sauti. Maktaba isiyo na chumba cha kusikilizia na kurekodi itakuwa imeacha nje sehemu kubwa ya maarifa ya mji ilimo. Kwa hiyo maktaba na ngoma vinaweza kuishi pamoja, mradi mchoraji aelewe kwamba chumba cha kusikilizia kinakaa ndani na ngoma inapigwa nje, uani, chini ya kivuli.

Na mchoraji huyo anyimwe vioo. Nalisema kwa utani kidogo, lakini hesabu yake si ya utani: Dodoma ni nchi kavu, jua lake kali, na jengo lililofunikwa vioo halikaliki bila viyoyozi, maana yake bili ya umeme itakayokula fungu la vitabu kabla mwaka wa fedha haujafika nusu. Ukuta mnene, baraza pana na madirisha yanayofunguka vitampa msomaji hewa hata siku LUKU imekwisha.

Mahali pa kujenga pana uzito uleule. Hadhi italivuta jengo Mtumba, kwenye wizara, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Mtumishi mwenye gari hatahisi umbali huo; yule binti wa soketi atalipa nauli kwenda na kurudi, na kwa nauli hiyo ataacha kuja. Jengo la ghorofa moja au mbili kwenye njia ya daladala, lenye matawi mawili au matatu katika kata zilizojaa, na lenye fungu la matumizi la miaka kumi lililopitishwa na baraza la madiwani kabla ya zabuni kutangazwa, ningelipigia kura. Jengo lisilo na fungu hilo ningelikataa hata kama fedha zote za ujenzi ni za msaada.

Yote haya yanangoja kiwanja, na kiwanja hakingoji. Eneo lililopimwa kwa huduma za jamii likikaa wazi mjini, mwaka wa kwanza hupata kibanda cha chipsi, wa pili gereji ya bajaji, wa tatu fremu za maduka zenye mikataba. Halmashauri inaweza kutenga na kuzungushia uzio leo, kwa gharama ndogo, hata kabla ya kukubaliana jengo litafananaje.