Usilaumu persiana kwa giza la mchana

Wageni wengi wanaohamia Hispania hulalamika kwamba nyumba za huko zina giza mchana. Lawama huiangukia persiana, kile kifuniko cha dirisha kinachojikunja, na naona inaonewa. Wakati wa kiangazi hakuna kifaa cha bei nafuu kinachoisaidia nyumba ile kuliko persiana.

Ni vibao vyembamba vya plastiki au alumini vilivyounganishwa, vinavyoshuka nje ya kioo. Ukivuta ukanda ulio kando ya dirisha, hujikunja kwenye bomba lililo ndani ya kisanduku juu ya dirisha. Kukaa kwake nje ndiko kunakoipa nguvu: pazia la kitambaa hukutana na jua likiwa limeshapita kioo na joto limeshaingia, lakini persiana hulizuia mapema. Katika miji ya Sevilla na Córdoba, ambako Julai na Agosti joto huvuka nyuzi 40, tofauti hiyo utaiona kitandani usiku.

Asubuhi, kabla jua halijapiga ukuta, funga madirisha na ushushe persiana. Upande wa kivulini acha vitundu vilivyo kati ya vibao wazi ili mwanga upenye. Usifungue saa nane mchana ukidhani makali yamepita: saa ya Hispania iko mbele ya jua, na kilele cha joto mara nyingi huja saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Usiku ndipo ufungue pande mbili za nyumba upepo upite.

Kinachoharibika zaidi ni ukanda. Husuguliwa kwenye tundu unapoingilia kisandukuni, hulegea nyuzi, kisha hukatika na persiana huanguka kwa kishindo. Pima upana wa ule wa zamani kabla ya kununua. Wa milimita 22 hautoshei mahali pa 18, na dirisha la kawaida huhitaji takriban mita 5 au 6. Fungua kisanduku, pandisha persiana yote kwa mikono na uizuie isishuke. Funga ncha ya ukanda mpya kwa fundo kwenye gurudumu la pembeni mwa bomba, upitishe tundu, kisha mwombe mwenzako aishushe taratibu ili ukanda ujizungushe wenyewe. Mwisho unganisha ncha ya pili na springi iliyo ukutani, inayoukunja ukanda. Springi hiyo imekazwa; ukiiachia ghafla itakuumiza vidole, kwa hiyo izuie kwa msumari kwenye tundu lake.

Persiana ikipanda ikazama kisandukuni na kukwama, angalia vizuizi viwili vya kibao cha chini kabisa. Huenda vimevunjika. Ni vya bei ndogo, lakini watu huita fundi.

Lawama moja naikubali: majira ya baridi kisanduku cha zamani hupitisha upepo vibaya sana. Bandika shiti ya povu ya sentimita 1 upande wa ndani, bila kugusa vibao vinavyojikunja.

Kuna faida nyingine kwenye umeme. Kila nyumba ina kiwango cha nguvu kilichoandikwa kwenye mkataba, mara nyingi kilowati 3.45 au 4.6. Kiyoyozi, oveni na mashine ya kufulia vikiwaka pamoja, mita ya kidijitali hukata umeme ingawa hakuna swichi iliyoshuka. Zima swichi kuu, subiri sekunde chache, washa tena, baada ya kuzima kimojawapo. Anayeshusha persiana asubuhi hupunguza kazi ya kiyoyozi, na huenda asihitaji kulipia kiwango kikubwa.

Kabla ya kusaini mkataba wa kupanga, pandisha na ushushe kila persiana. Sheria ya upangaji humwachia mpangaji matengenezo madogo yatokanayo na matumizi ya kila siku, na wenye nyumba wengi huuhesabu ukanda humo. Uliochakaa uandikwe kwenye mkataba siku hiyohiyo, pamoja na picha.